Nyumba Hailii

Madungu, Chake Chake
4 Mei 1997

Ami Nizar mpenzi,

Assalaam alaykum. Bibi ameniketisha mbele yake na amenikataza kuandika lolote mpaka salamu zake zitangulie, basi zipokee: anakusalimu wewe, mkeo na Raniya, na anauliza kama Raniya bado analia akichanwa nywele. Mama yangu naye anakusalimu. Mimi nashika miguu yako kutoka huku mbali. Goti la Bibi linamsumbua kila mvua ikikaza, na mwaka huu masika hayapumui. Mama anaendelea kusomesha watoto Kurani chuoni asubuhi. Mimi niko Kidato cha Tatu na mtihani uliopita nilitoka wa nne. Mwalimu anasema ningekuwa mbele zaidi kama ningenyoosha mkono darasani. Siwezi. Nikisimama mbele za watu sauti hunikimbia. Kwenye karatasi haikimbii, ndiyo maana leo nimeamua kukuandikia na jambo langu mwenyewe.

Bibi amekwenda kutawadha, sasa ni mimi tu.

Ami, chumba cha Bibi kina harufu. Ilianza Ramadhani, kidogo kidogo, kama harufu ya mkeka uliokunjwa ukiwa mbichi. Kanga zake za sandukuni zimeota vidoa vyeusi vya koga. Mama alizifua, akazianika, akazirudisha, na vidoa vikarudi. Jumapili iliyopita nilisogeza kabati. Nyuma yake, ile rangi ya mafuta uliyoipaka ulipokuja mwaka jana imevimba malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole, likapasuka na kutoa maji ya chumvi. Nilionja. Usimwambie mama.

Nilipomwonesha Bibi alitikisa kichwa, akasema, "Nyumba inalia, mjukuu wangu. Inawalilia waliokwenda." Sasa neno limeenea mtaani. Alikuja bi mkubwa mmoja wa nyumba za juu, akagusa ukuta, akajipaka machoni.

Mimi sina hakika kama nyumba ina la kulilia. Naomba ruhusa yako nibandue plasta kidogo, kipande cha upana wa kitabu tu, nione nyuma yake kuna nini. Bibi hataki kitu kiguswe bila ya neno lako, na tangu baba yangu afariki neno la nyumba hii linatoka kwako Matrah, huko Oman.

Nasubiri jibu lako.

Mwanao,
Thuraiya


Matrah
11 Juni 1997

Binti yetu Thuraiya,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako kanifikishia mkononi Bwana Moosa aliporudi safari ya Pemba, na alhamdulillahi imenikuta na afya. Raniya halii tena akichanwa, kwa sababu siku hizi hataki kuchanwa na mtu, anajichana mwenyewe kwa mlango uliofungwa. Mwambie mama yangu kuwa mjukuu wake kakua.

Barua yako niliisoma kwa sauti barazani, walikuwepo jamaa zetu wa Wete na wa Chake. Nilipofika pale penye "nyumba inalia," watu waliweka vikombe chini. Mzee mmoja alitoa kitambaa. Thuraiya, umeandika maneno makubwa kuliko umri wako. Nyumba ile ilijengwa na babu yako Marhoun jiwe kwa jiwe, na jiwe lina moyo. Linajua nani yupo na nani hayupo.

Kuhusu plasta, usiibandue. Ile niliipiga kwa mkono wangu mwenyewe, saruji safi, si chokaa ile ya zamani iliyokuwa ikimwagia mama yangu unga kitandani. Hiyo unayoiona ni jasho la masika, na nyumba zote za mawe hutoka jasho. Moosa akirudi atakuja na makopo mawili ya rangi. Pakeni juu yake, mfukize udi, itakwisha. Na darini, juu kwenye sakafu ya paa, asipande mtu. Wewe ni mtoto wa kike, na dari ile ni ya zamani.

Niambie na hili: wale jirani wa upande wa pili wanakanyaga kwetu siku hizi? Natumai jibu ni hapana.

Soma kwa bidii.

Ami yako,
Nizar


Madungu
2 Julai 1997

Ami Nizar,

Assalaam alaykum wewe na wote walio barazani kwako. Mwambie yule mzee wa kitambaa kuwa namsalimu. Bibi amecheka sana habari za Raniya, amesema tabia hiyo kaitoa kwake. Mama alipata homa lakini sasa hajambo. Rangi imefika. Makopo yako chini ya ngazi na hayajafunguliwa, nami nitakueleza kwa nini.

Masika yameisha. Sasa ni kipupwe, upepo mkavu unapuliza mchana kutwa, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika nyingine. Kama lile lilikuwa jasho la masika, lingekuwa limekauka. Kwa hiyo nilichana karatasi za daftari nikazibandika ukutani kwa uji wa muhogo, moja kila chumba, sebuleni, kwangu, kwa mama, kwa Bibi. Asubuhi, karatasi za vyumba vingine zilikuwa kama nilivyoziacha. Ya kwa Bibi ilikuwa imelegea kama ulimi.

Kisha nikagonga. Ukuta mzima una sauti fupi, nzito. Ukuta wa Bibi, nikiugonga kwa mpini wa kijiko, upande mmoja unajibu vizuri na upande mwingine unalia kama mtungi mtupu. Maana yake plasta imeachana na jiwe. Imesimama peke yake kwa ukaidi tu. Nilifuata sauti ile kwa chaki. Mstari unaanza nyuma ya kabati na unazidi kupanuka unavyokwenda juu. Chini karibu na sakafu ni pakavu kabisa, hata mchwa hawapo. Sasa, maji yakitoka ardhini hulowesha chini kwanza. Haya yameanza juu.

Nilipanda meza nikachoma boriti ya pembeni kwa msumari. Boriti ya mkoko, Ami, ambayo mafundi huvunjia misumeno. Msumari uliingia kama kwenye ndizi mbivu. Kitanda cha Bibi kiko chini yake.

Kitabu chetu cha Fizikia kinasema maji hupita kwenye vitu vyenye vitundu vidogo. Jiwe letu la matumbawe limejaa vitundu, na chokaa pia. Zamani maji yakiingia yalitoka, na tuliyaona. Saruji na rangi ya mafuta ni kama kumfunika mtu pua na mdomo. Ukuta haukukauka ulipopiga plasta. Ulinyamazishwa.

Sikukusudia kukukosea adabu. Lakini nina swali. Kwenye barua yangu sikutaja dari. Wewe ndiye uliyeitaja, ukakataza watu wasipande. Kuna nini darini? Nauliza kwa sababu pembe inayoloa ni ile ya upande wa jirani yetu Mzee Jecha, pale ulipo mlizamu, ule mdomo wa mawe wa kutolea maji ya mvua. Masika yote sikuona hata tone likidondoka kutoka mdomoni mwake. Nilimuuliza Bibi maji ya darini huenda wapi. Akasema, "Muulize ami yako," akageukia ukutani.

Basi nakuuliza.

Kuhusu wa upande wa pili, hapana, hawakanyagi kwetu. Tangu uchaguzi hata chumvi hatuazimani. Wao chama chao, sisi chetu. Bi Kazija, mke wa Mzee Jecha, na mama wakikutana sokoni kila mmoja huangalia samaki.

Mwanao,
Thuraiya


Matrah
20 Agosti 1997

Binti Thuraiya,

Nimechelewa kujibu, tulikuwa na harusi. Mtoto wa Bwana Moosa kaoa, wali ulipikwa kwa masufuria ya kuazima mtaa mzima, na wanawake wa Kipemba waliimba mpaka Waarabu wa huku wakauliza hii ni Oman au ni Pemba. Raniya alivaa dishdasha ya kijani aliyomshonea mama yako. Mpe shukurani.

Nimefurahi kuona unasoma Fizikia. Marehemu baba yako alikuwa hivyohivyo, kila kitu akikigonga asikie kinasemaje. Lakini elimu ya kitabu na nyumba ya watu ni mambo mawili. Nyumba ile imesimama tangu kabla hujazaliwa. Paka rangi kama nilivyosema. Msogeze mama yangu upande mwingine wa chumba kama kitanda kinakutia wasiwasi.

Na usijitie katika habari za jirani. Sisi hatukuwa watu wa kuchezewa heshima yetu tukabaki tunawanywesha waliotuchezea. Hao wana kisima mtaa wa chini, wateke huko kama wanavyoteka wenzao.

Msalimie mama yangu, mwambie namuota.

Ami yako,
Nizar


Madungu
14 Septemba 1997

Ami Nizar,

Assalaam alaykum. Bibi anasema na yeye anakuota, na kwenye ndoto umenenepa. Mama amefurahi habari ya dishdasha. Hapa hatujambo, isipokuwa karatasi ya kwa Bibi sasa haishiki hata kwa uji.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Mimi niliuliza maji ya darini huenda wapi. Wewe umejibu habari za nani anateka kisimani. Hakuna aliyekuwa amezungumza habari za kunywa.

Darasani vitabu havitoshi, mimi na Khairat binti Jecha tunasoma Fizikia kitabu kimoja. Tunafungua ukurasa, tunasoma, hatusemi. Mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita nilimuuliza, kwa sauti ndogo kwa sababu ndiyo niliyonayo:

"Khairat, birika lenu kubwa la maji uani linajaa kwa maji gani?"

Hakuinua macho. "Ya machozi," akasema. "Si nyumba yenu inalia?"

"Nauliza kweli."

"Kweli basi. Lilikuwa likijaa kwa mlizamu wenu. Babu yako na babu yangu walipatana, dari kwenu, birika kwetu, na kiangazi sote tunachota. Hukujua?"

"Nilijua tulikuwa tukichota. Sikujua yanatoka kwetu."

"Mwaka jana mvua ilipokuja tulikaa tunasikiliza. Kimya. Mama akasema labda kunguru katia kiota mlizamuni. Baba akasema, kunguru huyo ana karai la saruji."

Kisha akafunua ukurasa kabla sijamaliza kuusoma, kama anavyofanya siku zote.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bibi anachambua mchele. Nilikaa chini. Nikasema, "Bibi, ikiwa nyumba inalia, nani kaipiga?"

Alicheka mpaka akashika goti. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia ulipanda siku ya pili ya Sikukuu kubwa, wanaume wakiwa barazani wanakunywa kahawa, na ulishuka na saruji kwenye nyusi. Ukafunga mlango wa darini kwa kufuli, ukaondoka na ufunguo. Nilimuuliza mbona hakusema kitu, na yeye ndiye anayelala chini yake.

"Nimemzaa mimi," akasema. "Ulitaka niseme nini, na wapi, na kwa nani? Nikasema nyumba inalia. Kila mtu akaridhika."

"Mimi sikuridhika."

"Wewe una hasara hiyo tangu mdogo. Usimwandikie hivi."

Nimekuandikia hivi.

Ami, dari ile ni sahani yenye ukingo. Ukiziba mdomo wake, mvua yote ya Madungu inayoingia haina pa kutokea ila kwa kunywewa na mawe, na kutoka kwenye mawe ni kwenye boriti, na kutoka kwenye boriti ni kwa Bibi. Ulitaka Mzee Jecha asipate maji. Hakupata. Maji amepata mama yako.

Sasa nasema kwa adabu na nasema mara moja. Leta ufunguo, au leta ruhusa, kabla ya vuli. Redio inasema vuli ya mwaka huu itakuwa kubwa kuliko tulizozizoea. Rangi sipaki. Udi tumefukiza, chumba kinanuka koga yenye udi.

Mwanao,
Thuraiya


Madungu
26 Oktoba 1997

Ami Nizar,

Assalaam alaykum. Kwanza Bibi yu mzima. Naanza na hilo ili uweze kusoma mengine. Mama yu mzima, mimi ni mzima. Jibu lako halikuja. Moosa amepita mara mbili, na mara ya pili alisema hujampa kitu, akaangalia viatu vyake.

Mvua ilianza na haijaacha. Jumanne alasiri nilikuwa nimetoka skuli, Bibi yuko jikoni anakuna nazi kwa sababu mama alikuwa amekwenda kwa wagonjwa Wambaa. Tulisikia kishindo. Si kikubwa kama unavyofikiri, ni kama gunia la karafuu limeachiliwa. Tulipofungua mlango, ile pembe ya dari ilikuwa kitandani. Boriti moja, mawe, chokaa, na bamba la saruji yako zima bila ya ufa, juu ya mto wa Bibi. Alama ya kichwa chake ilikuwa bado iko upande wa pili wa mto. Maji yalikuwa yakiendelea kumwagika hapo, taratibu, kama mtu anayemimina chai.

Bibi alitazama, akasema, "Basi nitalala sebuleni." Na akarudi kwenye mbuzi yake kukuna nazi. Nazi nusu ilimponyoka ikaanguka chini.

Nilitoka nje. Mlango wa darini una kufuli na ufunguo uko Matrah. Ngazi ndefu mtaani iko moja tu, ya Mzee Jecha.

Bi Kazija alikuwa kizingitini anamenya muhogo. Nikapiga hodi nikiwa nimesimama mvuani, na sauti yangu mwenyewe sikuisikia, ikabidi nirudie.

"Hodi ya wapi?" akasema bila ya kunikaribisha. "Mwaka wa pili uno sijasikia hodi ya nyumba ile."

"Shikamoo, Bi Kazija. Nimekuja kuazima ngazi."

"Ngazi. Nyie na chama chenu si mna mabawa?"

Mzee Jecha akasema kutoka ndani, "Mpe mtoto ngazi, Kazija. Hujasikia kishindo?"

"Ntampa. Acha nimseme kwanza, nina ya mwaka mzima."

Akanisema. Alinisema hali anamenya, ganda kwa ganda. Alitaja harusi ya mwanawe ambayo masufuria yetu hayakuonekana. Alitaja nilivyokuwa nikipita na Khairat njia moja, mmoja upande huu, mmoja upande ule, kama punda wa gari mbili. Yote hayo niliyasikiliza. Kisha akataja matanga ya dada yake, kwamba mlango wetu na wao ni hatua, na hakutoka hata mmoja wetu kwenda kumwambia pole. Hapo kisu kikasimama.

Alisema kweli, Ami. Siku ile ya matanga nilikuwa dirishani nasoma, na niliona watu wakiingia, nikageuza ukurasa. Nikamwambia, "Pole, Bi Kazija." Safari hii ilitoka kwa sauti, mpaka Khairat akachungulia.

Bi Kazija akaweka kisu chini. "Imechelewa," akasema, "lakini imefika. Jecha, toa ngazi."

Mzee Jecha aliishika chini. Nilipanda mimi, na Khairat akanifuata na nyundo na tindo ya baba yake, ingawa hakuna aliyemtuma. Uliandika mtoto wa kike hapandi darini. Walipanda wawili. Maji huko juu yalitufika kwenye muundi. Tuliupapasa mlizamu kwa mikono. Kizibo chako kilikuwa kimesawazishwa vizuri, laini kama uso wa sahani. Katika kazi zote ulizofanya nyumba hii, ile ndiyo uliyoifanya kwa moyo.

Tuligonga kwa zamu. Mikono yetu imechubuka. Mara ya mwisho alikuwa Khairat, kizibo kikaondoka, na maji yote yakapita kwa pamoja yakaangukia uani kwao. Bi Kazija alikuwa amesimama hapo hapo kutuangalia. Akaloa kuanzia kilemba.

"Maji yano," akasema, anajifuta macho, "hata hodi hayapigi."

Mzee Jecha alicheka mpaka ngazi ikatikisika, na mimi juu yake nikishuka.

Sikuomba ruhusa yako kwa sababu niliiomba na hukujibu.

Mwanao,
Thuraiya


Matrah
15 Novemba 1997

Thuraiya,

Barua yako ya Septemba niliipata. Sikuijibu kwa sababu mtoto hamhoji ami yake.

Siku yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi nilimpigia mama yangu simu. Watu wa chama chao walikuwa nje ya mlango wetu na ngoma. Mama alikuwa na homa, na nikamsikia akiwaomba wapunguze, na nikasikia ngoma ikizidi. Niliisikia hapa, kwenye sikio langu hili, na sikuweza kufanya kitu. Wewe ulikuwa mdogo, umelala kwa akina mama yako Gando. Usinifundishe habari za Jecha.

Mlizamu uzibwe. Wakitaka maji waje waombe kwa mama yangu, kwa ulimi wao. Mwite fundi, aliye wa kwetu, azibe na apige dari upya. Hili si shauri, ni amri ya mwenye nyumba. Umetuaibisha mbele ya watu tuliowanyima salamu.

Mama analala chumba gani sasa?

Nizar


Madungu
7 Disemba 1997

Ami Nizar,

Assalaam alaykum. Barua yako haikuwa na salamu, kwa hiyo mimi nitaweka za watu wote wawili. Natumai hujambo, mkeo hajambo, Raniya hajambo na nywele zake. Huku Bibi hajambo, analala na mama, na mama anasema anakoroma kama boti la Wete. Mimi nimefanya mtihani wa mwisho wa mwaka. Sijui nimekuwa wa ngapi, lakini siku ya masahihisho nilinyoosha mkono.

Ulisema sikuisikia ngoma. Ni kweli. Nilimsomea Bibi barua yako yote, hata sehemu ambazo labda hukutaka asomewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimuuliza kama Mzee Jecha alikuwa kwenye ngoma ile. Akasema alikuwepo, na alikuwa akiipiga. Nilitamani aseme hapana, ingekuwa rahisi zaidi kukuandikia.

Akaniambia andika hivi, na naandika maneno yake bila ya kuyapunguza: "Mwambie Nizar ngoma ile nilipigiwa mimi. Kama nimesamehe, nimesamehe mimi, na kama sijasamehe, nimekaa nayo mimi. Sikumtuma mtu anizibie maji kwa ajili yangu. Yeye aliisikia kwenye simu siku moja. Mimi naishi nao ukuta kwa ukuta."

Kisha akasema ongeza kuwa anakupenda. Nimeongeza.

Mzee Jecha mwenyewe hajaomba radhi kwa ngoma, na hatukuomba kwa mlizamu. Sikudanganyi kuwa tumekuwa ndugu. Bi Kazija bado ananiita mtoto wa mabawa. Lakini mvua hii ambayo imeharibu barabara na mashamba ya watu kisiwa kizima, darini kwetu haikai. Inaingia na inatoka. Tumeibandua saruji yote ya chumba kile, tukauacha ukuta uchi. Jiwe lilikuwa jeusi, sasa linaanza kurudi kijivu kutoka chini kwenda juu, na kila siku nauweka mkono wangu pale. Boriti mbili mpya zimetoka mikokoni. Plasta itapigwa ya chokaa, na haitapakwa rangi ya mafuta. Ikimwaga unga, Bibi amesema atajipangusa.

Wageni wanaokuja kutazama nyumba inayolia nawaambia haikuwahi kulia. Ilizibwa mkojo. Mama amenikemea kwa neno hilo, lakini nimeona akigeuka kucheka.

Sasa amri yako. Nimekuheshimu tangu nilipojua kusoma, kwa sababu barua zako ndizo nilizojifunzia kusoma. Nakuheshimu na leo. Lakini mlizamu sizibi, na fundi simwiti, na akija wa kutumwa nitakaa ukingoni mwake na kitabu changu mpaka aondoke. Neno la nyumba litoke Matrah, sawa, lakini lisitoke kwa mtu asiyelala chini ya dari.

Kama unataka uzibwe tena, njoo uuzibe mwenyewe. Kufuli ya darini tumeikata, mlango huo mama ameugeuza ubao wa kuanikia karafuu, na ngazi ya ndani imeoza vipago, haipandiki. Iliyobaki ni ngazi ya Mzee Jecha. Nimekwisha kumrudishia.

Itabidi ukapige hodi kwao uiombe.

Mwanao,
Thuraiya